Kabla ya Lami, Tumkumbuke Mwenye Baiskeli

Muhula uliopita, asubuhi moja ya mvua, mwanafunzi wangu wa Kidato cha Pili alisukumwa mtaroni na matatu iliyokuwa ikijaribu kupita lori la miwa katika barabara kuu ya Kisumu kwenda Webuye. Alivunjika mkono, na baiskeli yake ikakunjika kama waya. Nilipokwenda kumjulia hali, baba yake alinitazama akasema, "Mwalimu, heri atembee." Tangu siku hiyo binti huyo hutembea, na aghalabu huingia darasani somo la kwanza likiwa limekwisha.

Nami ni mwendesha baiskeli. Ninakaa hapa Shirere, na kwa zaidi ya miaka ishirini nimekwenda kazini kwa magurudumu mawili. Maneno ya mzazi yule yamenisumbua, maana sikuwa na jibu la kumpa. Jumamosi iliyofuata nilipanda baiskeli yangu nikaelekea Khayega, kisha Shinyalu, hadi nikaingia msituni upande wa Isecheno. Humo, katika njia za changarawe zipitazo chini ya miti, niliendesha muda wa saa nzima pasipo kukutana na gari hata moja. Nilisikia mbega wakirukaruka matawini, na mnyororo wangu mwenyewe ukidai mafuta. Nikajiuliza: mbona starehe hii ipatikane msituni tu, na mtoto aendaye shule aikose?

Ndugu msomaji, suala hili si la michezo wala la watalii. Ni suala la nani mwenye haki ya kutumia barabara. Takwimu za Serikali zinaonyesha kuwa kila mwaka tangu 2021 zaidi ya watu 4,000 wamekuwa wakifa katika barabara za Kenya, na walio wengi miongoni mwao ni watembeao kwa miguu na wapandao pikipiki. Hao ndio wasio na bati la kuwakinga. Hata hivyo, tunapojenga barabara, tunampimia mwenye gari njia yake kwanza, na huyu mwingine tunamwachia ukingo, ikiwa upo.

Si kwamba baiskeli ni ngeni kwetu. Neno "bodaboda" lenyewe lilizaliwa jirani hapa, katika mpaka wa Busia, miaka ya 1960, pale vijana walipowabeba wasafiri na mizigo kwa baiskeli kutoka boda moja hadi nyingine. Katika miaka ya 1990 biashara hiyo ilienea miji yote ya Magharibi na Nyanza. Baiskeli nzito aina ya Black Mamba, yenye mto wa sponji juu ya karia, ilisomesha watoto wengi. Kisha mwaka 2008 Serikali ikaondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo, na katika miaka michache pikipiki zikatwaa kazi hiyo. Siwalaumu vijana, kwani kupanda kilima na abiria mgongoni si mchezo. Lakini baiskeli ilipoacha kuwa chombo cha biashara, ilitoka pia katika mawazo ya wapangaji wetu. Ikawa chombo cha maskini, na maskini hana wa kumsemea.

Wenzetu wameona mbali zaidi. Mwaka 2006 jimbo la Bihar nchini India, mojawapo ya majimbo maskini kabisa ya nchi hiyo, lilianza kuwapa wasichana wa sekondari fedha za kununulia baiskeli. Watafiti waliochunguza mpango huo walikuta kwamba uliongeza uandikishaji wa wasichana wa umri huo kwa takriban asilimia 30. Nchini Zambia, utafiti mwingine ulionyesha kuwa wasichana wa vijijini waliopewa baiskeli walipunguza siku za kukosa shule kwa zaidi ya robo. Walimu wanielewe hapa: hakuna mtaala mpya uliohitajika, wala mtihani mpya. Kilichohitajika ni magurudumu mawili, na njia ambayo mzazi haiogopi. Ukitoa baiskeli usitoe njia, umetoa nusu ya dawa.

Njia hizo tunazo. Msitu wa Kakamega, ambao ndio masalio ya pekee nchini Kenya ya msitu mkubwa wa mvua uliowahi kuungana na ule wa Kongo, ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1933, na mwaka 1985 sehemu yake ya kaskazini, Buyangu, ikawa hifadhi ya taifa. Ndani yake mna njia za changarawe zinazowatosha watembezi, walinzi na wenye baiskeli. Nje ya msitu, kutoka Shirere hadi vijiji vya Isukha, mna mtandao wa barabara ndogo za udongo mwekundu zipitazo kati ya mashamba ya mahindi na majani ya chai, sambamba na barabara kuu. Mtoto angeweza kuzifuata hadi shuleni pasipo kukutana na lori.

Tatizo ni kwamba barabara hizo tunazitazama kama lami isiyozaliwa bado. Hazitengenezwi, kwa kuwa "lami inakuja". Mvua ikinyesha, na huku kwetu hunyesha karibu mwaka mzima, maji hukata katikati ya njia, na watoto hulazimika kurudi kwenye barabara kuu. Lami nayo ikifika kweli, huja na mwendo wa kasi pasipo ukingo, na yule wa baiskeli hufukuzwa mara ya pili.

Nitaulizwa: je, mwalimu anapinga maendeleo? La hasha. Mgonjwa anahitaji gari la kumfikisha hospitalini, na mkulima anahitaji lori la kubeba miwa yake. Barabara zinazohudumia mahitaji hayo ziwekwe lami. Lakini si kila njia ni ya lori. Msituni hasa, njia ikifunguliwa kwa injini hubeba pia gogo na gunia la makaa. Ikiachiwa miguu na baiskeli, mwizi wa miti hupata taabu.

Wengine watasema kwamba njia tulivu si salama kwa msichana aliye peke yake. Hoja hii ni nzito, na mimi kama mzazi naiheshimu. Jawabu lake ni watu kuwa wengi njiani, wala si magari kuwa mengi. Watoto kumi wakiondoka pamoja kwa saa inayojulikana, wazazi wakajua wanapita wapi, njia hiyo haitakuwa ya upweke tena. Changarawe nayo hudai adabu. Tukumbuke kuwa Suleiman Kangangi, mwendeshaji wetu mashuhuri, alifariki Agosti 2022 huko Vermont, Marekani, katika mashindano ya njia za namna hii hii. Kofia ya kinga na breki nzima si mapambo, na kuendesha kwa adabu kufundishwe shuleni kama tunavyofundisha riadha.

Basi nini kifanyike? Kwanza, Kaunti, ambayo chini ya Katiba ya 2010 ndiyo yenye dhamana ya barabara za kaunti, itenge katika kila wadi angalau njia moja ya udongo iendayo shuleni, iichimbie mitaro, iimwagie changarawe na kuweka matuta ya kupunguza mwendo. Gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na kilomita moja ya lami. Pili, wasimamizi wa msitu wazihifadhi njia za ndani kwa ajili ya miguu na baiskeli, na wawafungulie wanafunzi milango. Isecheno pana kazi ya elimu ya mazingira tangu 1995. Darasa likifika huko kwa baiskeli litajifunza mara mbili. Tatu, sisi walimu tuketi na wanafunzi tuchore ramani ya njia wanazopita, tuonyeshe palipo na hatari, kisha tuipeleke ramani hiyo katika vikao ambako umma huulizwa maoni juu ya bajeti. Vikao hivyo vipo kwa mujibu wa sheria, lakini viti vyetu huwa vitupu.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi nimekwisha kuanza kuinama. Wiki hii, baada ya vipindi, wanafunzi wangu wamechora njia tatu kutoka Shirere zisizogusa barabara kuu. Moja inahitaji daraja dogo la mbao juu ya kijito, mbili zinahitaji mitaro tu. Nimemwonyesha baba wa yule binti. Aliitazama karatasi kwa muda mrefu, akauliza, "Na hilo daraja, nani atalijenga?"

Swali hilo nalipeleka kwa wenye mamlaka. Mkono wa binti umepona, na baiskeli tumekwisha kuinyoosha.