Jiwe la Mbinguni Liitwalo Malala

Baina ya Mirihi na Mushtarii kuna mawe mengi mno yanayolizunguka jua. Moja kati yao, lenye upana wa kilomita nne hivi na jeusi kama masizi, lina jina la msichana wa Kiislamu: Malala. Nambari yake daftarini ni 316201, nalo huchukua miaka mitano na nusu kukamilisha mzunguko mmoja.

Wako wanaodhani kwamba majina haya hununuliwa, au hugawiwa na mataifa makubwa. Sivyo. Mgunduzi ndiye mwenye haki ya kupendekeza, kisha kamati ya muungano wa wanafalaki wa dunia huamua. Jina lisizidi herufi 16, na mwanasiasa hapati nafasi mpaka ipite miaka 100 tangu kufa kwake. Kanuni hii naipenda sana. Laiti ingetumika pia kwa barabara zetu!

Jiwe hili liligunduliwa mwaka 2010 kwa chombo cha Marekani kiitwacho WISE, kilichotambua mawe kwa joto lake. Mwanasayansi Amy Mainzer, aliyekuwa na haki ya kulipa jina, alikumbushwa na mwenzake, Carrie Nugent, kwamba mawe mengi yamekwisha kupewa majina, lakini yenye majina ya wanawake, hasa wasio Wazungu, ni machache mno. Basi mwaka 2015 jina likawa la Malala Yousafzai, binti wa Swat, Pakistan, aliyepigwa risasi mwaka 2012 kwa kutetea elimu ya wasichana, akapata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2014 akiwa na miaka 17.

Mimi naona uzito uko katika ule ukumbusho. Aldebaran na Altair ni majina ya Kiarabu kwa sababu zamani wataalamu wa falaki waliosikizwa walikuwa Waislamu. Leo darubini kubwa ziko kwa wengine, nasi twangoja kukumbukwa. Na huko Afghanistan, tangu mwaka 2021, wasichana wamefungiwa shule za sekondari na watu wanaoitaja dini yetu, dini ambayo wahyi wake wa kwanza uliamrisha kusoma.

Malala mwenyewe, siku alipotimiza miaka 19, Julai 2016, alikuwa hapa Kenya, katika kambi ya Dadaab. Alikwenda kuwatetea wasichana wakimbizi na madarasa yao, kwani miezi miwili kabla serikali ilikuwa imetangaza kwamba itaifunga kambi hiyo.