Ng'ombe wa Jirani Katika Mpunga Wako

Mama mpendwa, ikiwa unalima mpunga Rufiji au Kibiti, huhitaji kuelezwa jinsi ng'ombe wanavyoweza kumaliza shamba usiku mmoja. Tangu wafugaji walipoondolewa Ihefu, miaka ya 2006 na 2007, na wengi wao kushukia bonde hili, ugomvi umekuwa uleule. Mwenye mifugo husema, "Sikukusudia, kijana aliyewachunga alisinzia." Nawe unarudi nyumbani mikono mitupu, ukidhani kwamba kwa kuwa hakukusudia, huna madai.

Madai unayo. Mwaka 1868 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliamua kesi ya Rylands na Fletcher. Rylands, mwenye kiwanda, aliwapa mafundi kazi ya kumjengea bwawa. Maji yakapenya katika mashimo ya zamani yaliyokuwa chini yake, yakajaza mgodi wa makaa ya mawe wa Fletcher. Rylands hakuzembea; hata mashimo hakuyajua. Hata hivyo alilipa. Anayeweka kwenye ardhi yake kitu chenye kudhuru kikitoka, hukilinda kwa hasara yake mwenyewe. Jaji Blackburn, katika kesi hiyohiyo, alitaja mifano: ng'ombe walao nafaka ya jirani, na uchafu wa choo unaoingia nyumba ya pili. (Naona aliwajua majirani!) Musa naye alikwisha kuagiza malipo ya namna hii, kwa mifugo na kwa moto, katika Kutoka 22.

Sheria hiyo ya Waingereza ilipokewa kwetu kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na mahakama huitumia kadiri hali ya nchi inavyoruhusu.

Utaniuliza juu ya mafuriko ya Aprili 2024, yaliyozamisha nyumba na mashamba Rufiji na Kibiti. Bwawa la Julius Nyerere lilikuwa likifungulia maji. Serikali ilisema chanzo ni mvua kubwa. Hapa njia ni nyembamba. Mvua isiyo ya kawaida huhesabiwa kuwa tendo la Mungu, na kazi iliyoruhusiwa na sheria za nchi kwa kawaida humlazimu mdai aonyeshe uzembe. Usimwahidi jirani yako kesi nyepesi.

Ya ng'ombe ni mepesi zaidi. Usiwakate mapanga, maana hapo wewe ndiwe utakayeshitakiwa. Mwite mtendaji wa kijiji na bwana shamba kabla mabua hayajakauka, wapime eneo na kuandika. Tafuta mashahidi waliowaona ng'ombe. Madai ya namna hii hupelekwa mahakamani ndani ya miaka 3.

Na kama ni wewe uliyechoma majani, moto ukavuka hadi mikorosho ya mwenzako, usimwambie kwamba ni upepo. Nenda kwake jioni ileile pamoja na mumeo, mkaihesabu miti.