Treni ya Pwani ya Sri Lanka: Onyo Lililochelewa na Funzo kwa Sisi Watu wa Visiwani



Kila mwaka, tarehe 26 Disemba, treni huondoka Colombo, mji mkuu wa biashara wa Sri Lanka, ikaelekea kusini kandokando ya bahari na kusimama katika kijiji cha Peraliya. Injini inayoivuta ni ile ile iliyokuwepo pale mwaka 2004, ilipopigwa na mawimbi ya tsunami, kisha ikakarabatiwa. Watu hushuka, wakawakumbuka maiti wao, kisha maisha yakaendelea.

Msomaji wetu wa Unguja, Pemba, Mafia, Lamu au Ngazija anaweza kuuliza: reli inatuhusu nini? Unguja yenyewe haijawa na treni tangu ile ya Bububu ilipokufa miaka ya 1920. Jawabu letu ni kwamba habari hii haihusu reli peke yake. Inahusu watu wa kisiwa, bahari hii hii ya Hindi, na onyo ambalo halikumfikia aliyelihitaji.

Njia yenyewe

Reli ya pwani ya Sri Lanka ilijengwa wakati wa utawala wa Waingereza. Ilifika Galle mwaka 1894 na Matara mwaka 1895. Mwezi wa Aprili 2019 iliongezwa hadi Beliatta kwa mkopo kutoka China. Asubuhi na jioni hubeba maelfu ya wafanyakazi na wanafunzi wanaoishi Moratuwa, Panadura na Kalutara na kufanya kazi Colombo, mabehewa yakijaa hadi watu wakaning'inia milangoni. Njia hiyo hiyo hupitisha treni za masafa marefu za Galle na Matara. Hupita pia Beruwala, mji wa Waislamu wa tangu zamani, ambao wazee wao walikuja na majahazi ya biashara kama walivyokuja wengi wa wazee wetu.

Sehemu kubwa ya njia hiyo iko hatua chache tu kutoka majini. Ndiyo raha yake kwa msafiri, na ndiyo hatari yake.

Yaliyotokea siku ile

Jumapili ya tarehe 26 Disemba 2004, katikati ya Dhul-Qa'da 1425, ilikuwa sikukuu ya mwezi mpevu kwa Mabudha wa nchi ile, na treni ilijaa watu wanaokwenda kwa jamaa zao. Iliondoka Colombo kabla kidogo ya saa moja asubuhi. Takriban wakati huo huo ardhi ilitetemeka chini ya bahari karibu na Sumatra, kwa kipimo cha 9.1.

Kutoka tetemeko hadi mawimbi kufika Peraliya, mnamo saa tatu na nusu, palipita zaidi ya saa mbili. Muda huo ungetosha kuisimamisha treni na kuwapeleka watu mahali pa juu. Lakini Bahari ya Hindi haikuwa na mfumo wowote wa kutoa tahadhari ya tsunami. Habari za maji kupanda zilipofika ofisi za reli, treni kadhaa zilisimamishwa. Kwa hii moja, simu ilipigwa kituo cha Ambalangoda, lakini wafanyakazi walikuwa nje wakiihudumia treni yenyewe. Ilipopokelewa, treni ilikwishaondoka, na hapakuwa na njia ya kuzungumza na dereva.

Wimbi la kwanza liliizingira treni. Wanakijiji, kwa kuona mabehewa ni mazito na yameinuka, walipanda ndani na juu yake pamoja na watoto wao. Likaja wimbi la pili, kubwa zaidi, likayang'oa mabehewa kwenye reli na kuyabingirisha. Inakadiriwa kuwa watu zaidi ya 1,700 walifariki pale. Hadi leo ajali hiyo huhesabiwa kuwa mbaya kuliko zote katika historia ya reli duniani.

Je, hii ni kadari tu?

Hapa ndipo panapotaka uangalifu. Muislamu anaamini kwamba hakuna kinachotokea ila kwa kadari ya Allah (S.W.T.). Lakini imani hiyo haikutolewa iwe pazia la kufichia uzembe. Mtume (S.A.W.) alipoulizwa na mtu kama amwache ngamia wake bila kumfunga kwa kumtegemea Allah, alimuelekeza amfunge kwanza, kisha ategemee. Na Qur'ani imetukataza kujitia kwa mikono yetu katika maangamizi.

Kwa hivyo tunatenganisha mambo mawili. Tetemeko si kazi ya mtu. Lakini kukosekana mfumo wa tahadhari, kukosekana njia ya kuwasiliana na dereva, na watu kutoelimishwa kwamba wimbi la pili linaweza kuwa kubwa kuliko la kwanza, hayo ni mambo ya wanadamu, na wanadamu huulizwa juu yake. Kila mchunga ataulizwa kuhusu alichokichunga.

Wala si haki kuwanyooshea kidole wale wafanyakazi wa kituo peke yao. Walikuwa kazini mwao. Mfumo unaotegemea simu moja ipokelewe na mtu mmoja kwa dakika moja umekwishaharibika kabla ya wimbi kufika.

Tunatahadharisha pia na kauli ya kwamba waliokufa waliadhibiwa. Hatuna elimu ya ghaibu kiasi cha kusema hivyo. Muislamu aliyekufa kwa kuzama ametajwa na Mtume (S.A.W.) miongoni mwa mashahidi. Ni shahidi kwa malipo ya Akhera: maiti yake huoshwa, hukafiniwa na kusaliwa kama kawaida, tofauti na shahidi wa vitani. 

Kisiwa kilichokumbuka

Kipo kisiwa cha Waislamu kiitwacho Simeulue, huko Indonesia, karibu mno na palipotokea tetemeko. Mawimbi yalikifikia kwa dakika chache tu, si saa mbili. Kati ya watu wake wapatao 78,000, waliofariki kwa tsunami walikuwa 7.

Hawakuwa na mitambo. Walikuwa na wazee. Mwaka 1907 kisiwa hicho kilipigwa na tsunami, na walionusurika waliwasimulia watoto na wajukuu, hata katika nyimbo za kubembelezea: ardhi ikitikisika sana na bahari ikirudi nyuma, kimbilia mlimani. Miaka 97 baadaye, wajukuu walikimbia.

Siku hiyo hiyo mawimbi yalifika hadi kwetu. Somalia walikufa mamia, na Tanzania watu wasiopungua 10. Kenya, ambako watu waliondolewa ufukweni baada ya habari kusikika, alikufa mmoja. Mwenye kulinganisha ataona kwamba onyo likifika, roho huokoka kwa idhini ya Allah.

Sisi tufanye nini?

Leo Bahari ya Hindi ina mfumo wa tahadhari chini ya UNESCO, na tangu 2013 Australia, India na Indonesia ndizo zinazotoa taarifa. Hilo ni jambo la kushukuru. Lakini taarifa ikifika ofisini bila kufika kijijini, tumerudi pale pale penye simu ya Ambalangoda. Kwa hivyo tunashauri:

Kwanza, baba na mama wawafundishe watoto. Tetemeko likiwa kali na la muda mrefu, au bahari ikirudi nyuma ghafla, ondokeni ufukweni mwende juu bila kungoja tangazo. Asishuke mtu kuokota samaki. Wala asirudi mtu baada ya wimbi la kwanza.

Pili, misikiti. Kipaza sauti cha msikiti kutumika kuwatahadharisha watu na hatari ni katika kusaidiana kwenye wema. Kamati zikubaliane mapema nani atapokea taarifa na nani atatangaza, usiku na mchana.

Tatu, vyombo vyetu vya safari. Hatujasahau Spice Islander, tarehe 10 Septemba 2011, baina ya Unguja na Pemba, ilivyozama ikiwa imezidishiwa watu. Mwenye chombo anayepakia kupita kiasi anafanya haramu. Na abiria anayeona hatari wazi akapanda kwa kuwa amechelewa harusi, naye ajiulize.

Nne, safari za reli. Wengi wetu sasa huvuka hadi Dar es Salaam na kupanda treni ya umeme ya Morogoro na Dodoma, iliyoanza 2024, au ya Mombasa kwenda Nairobi, iliyoanza 2017. Kwa madhehebu ya Shafi, kupunguza sala kunataka masafa ya marhala mbili, zaidi kidogo ya kilomita 80. Anayekwenda kazini kwa treni ya karibu, kama wale wa Panadura na Colombo, hapunguzi. Anayekwenda Galle kutoka Colombo anaweza kupunguza. Sala ya faradhi huswaliwa kwa kusimama na kuelekea kibla kwa anayeweza. Asiyeweza na wakati ukawa unamtoka, aswali kwa hali yake kuheshimu wakati, kisha airejee akishuka.

Wale waliopanda juu ya mabehewa Peraliya hawakuwa wajinga. Walikimbilia kilichoonekana imara machoni pao, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaambia vinginevyo. Basi usiku huu, kabla ya kulala, waambieni watoto wenu.

Tunamuomba Allah awarehemu Waislamu waliofariki siku ile, awape subira waliofiwa, na azilinde nchi zetu na maafa.

Wallahu a'lam.