Kabla ya kutuma pesa ya feni, ulizeni upepo unaelekea wapi

Sisi tulioko nje tuna ugonjwa mmoja. Tukiambiwa nyumbani kuna tatizo, hatuulizi limetokana na nini, tunauliza zinahitajika shilingi ngapi. Nami nilikuwa karibu kuufuata mkumbo huo kwa sababu ya feni za kompyuta.

Mimi siwezi kurudi nyumbani, na wanaonifahamu wanajua kwa nini. Ninachoweza ni kutuma vitendea kazi. Mpwa wangu wa Dar es Salaam anahariri video za harusi, ndiyo riziki yake, nikampelekea kompyuta inayopozwa kwa maji. Januari ikaanza kujizima katikati ya kazi. Video ya mteja ikachelewa, akadai arudishiwe malipo yake.

"Mjomba, fundi anasema tuongeze feni tatu," akaniambia kwa simu.

Nikamwambia asubiri. Achukue kipande cha tishu, akipitishe mbele ya kila feni ya rejeta. Mbili zikaivuta tishu, ya tatu ikaisukuma. Kumbe fundi alipoisafisha aliirudisha moja kinyume! Hewa ya moto iliyotolewa na hiyo moja ilikuwa inavutwa tena ndani na jirani zake.

Watu wengi wanadhani maji ndiyo yanayomaliza joto. Sivyo. Maji hulibeba tu kutoka kwenye prosesa hadi kwenye rejeta. Kinacholitoa ni upepo, na upepo huo hauwezi kuyapoza maji kuliko joto la hewa inayopita hapo. Dar ya Januari, mchana hupita nyuzi 30. Hakuna nafasi ya kuchezea.

Wapo watakaosema feni zikiwekwa pande zote mbili za rejeta ni bora zaidi. Sikatai, husaidia, hasa rejeta ikiwa nene. Lakini nafuu yake mara nyingi ni nyuzi chache, na ni pale tu zote zinapopuliza upande mmoja. Hata mahali pa kuifunga rejeta pana gharama yake. Ikiwa mbele inavuta hewa ya chumbani, prosesa hupoa vizuri, ila kadi ya picha hupokea hewa iliyokwisha kupata moto. Ikiwa juu inatoa nje, kadi hupumua, lakini maji hupozwa kwa hewa ya ndani ya kasha. Mwenye kompyuta ndiye wa kuamua kulingana na kazi yake, si muuza feni.

Kijana alifungua skrubu nne, akaigeuza feni, akapangusa vumbi. Kompyuta haijajizima tena. Pesa niliyokuwa nimeitenga kwa feni mpya ikamlipa yule mteja.

Nionavyo mimi, tuendelee kutuma, lakini tutume na maswali. Feni sita zinazopingana hazizishindi tatu zinazokwenda pamoja.