Jasho Lapokewa, Homa Yakataliwa

Iko nchi moja duniani ambayo hospitali zake husifiwa hata wakuu wa mataifa mengine huvuka bahari kwenda kutibiwa humo; lakini mtu apigaye deki sakafu za hospitali hizo usiku kucha aweza kuugua akakosa pa kutibiwa. Nchi hiyo ni Marekani.

Mwaka 2023, hesabu za serikali ya nchi hiyo zilionyesha kwamba watu wapatao milioni 26 hawakuwa na bima ya afya. Miongoni mwao wamo wahamiaji wengi wasemao Kihispania, waliotoka Mexico, Guatemala, Honduras na El Salvador. Hawa ndio wachumao matunda mashambani, wajengao nyumba na waoshao vyombo hotelini. Sheria ya bima ya mwaka 2010, iliyosifiwa kuwa mkombozi wa wanyonge, iliwafungia mlango wahamiaji wasio na hati, hata wale waliokuwa tayari kununua bima katika soko la sheria hiyo kwa fedha zao wenyewe. Jasho lao lapokewa kila siku. Homa yao yakataliwa.

Katika mji mkuu wa Washington, mji uleule zinamotungwa sheria hizo, kipo kituo cha afya kiitwacho La Clínica del Pueblo, yaani Zahanati ya Umma. Kilianzishwa mwaka 1983 kwa kazi ya kujitolea, ili kuwatibu wakimbizi wa vita vya Amerika ya Kati. Yafaa ikumbukwe kwamba vita vya El Salvador, vilivyodumu mpaka mwaka 1992 na kuua watu wapatao 75,000, vilipiganwa na jeshi lililosaidiwa kwa fedha na silaha za Marekani. Kwa hiyo watu hawa hawakuzuka tu mpakani. Wengi wao walikimbia moto ambao kuni zake zilitoka katika nchi waliyoikimbilia.

Mmoja wao alikuwa Daktari Juan Romagoza Arce. Mwaka 1980 alikamatwa na askari wa El Salvador alipokuwa akiwatibu wanakijiji, akateswa kwa wiki kadhaa, na mikono yake ikaharibiwa hata asiweze tena kufanya upasuaji. Alifika Marekani akiwa mkimbizi, na mwishoni mwa miaka ya 1980 akashika uongozi wa kituo hicho. Mwaka 2002 yeye na wenzake wawili waliwashinda mahakamani, huko Florida, majenerali wawili waliokuwa wakuu wa watesi wao.

Kituo cha namna hii chafanya jambo moja ambalo hospitali kubwa mara nyingi hulisahau: chasema na mgonjwa kwa lugha yake. Mahali pasipo na mkalimani, mama hulazimika kumleta mtoto wake wa shule amfasirie daktari. Mama gani atamweleza daktari maradhi ya uzazi kupitia kinywa cha mwanawe? Atanyamaza, na ugonjwa utaendelea kumla.

Wapo wanaodai kwamba aliyeingia nchini bila kibali hana haki ya kudai matibabu, kwani sheria ni sheria. Hoja hii haina budi kujibiwa. Sheria ya Marekani ya mwaka 1986 yazilazimisha hospitali zenye idara ya dharura kumpokea mgonjwa aliye hatarini bila kujali uwezo wake wa kulipa. Maana yake ni kwamba taifa hilo limekwisha kubali kumtibu mhamiaji, ila lasubiri mpaka awe mahututi. Kwa miaka mingi, katika majimbo kadhaa, mhamiaji asiye na hati ambaye figo zake zimekufa hakupewa zamu za kawaida za kusafishwa damu kwa mashine. Alisubiri mpaka sumu ijae mwilini na pumzi zimbane, ndipo apokewe. Madaktari walionyesha kwamba utaratibu huo uliua watu zaidi na kula fedha nyingi zaidi, na jimbo la Colorado likauacha mwaka 2019. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wazo la vituo hivi lina mizizi barani Afrika. Daktari Jack Geiger, ambaye pamoja na Daktari Count Gibson alianzisha vituo vya kwanza vya afya vya jamii nchini Marekani kuanzia mwaka 1965, alijifunza kazi hiyo Pholela, Afrika Kusini, akiwa bado mwanafunzi. Huko aliona kwamba daktari hana budi kushughulikia pia maji, chakula na makazi ya mgonjwa.

Basi na tuwapongeze wanaojitolea katika vituo hivyo, lakini pongezi zisituzibe macho. Hisani ya wachache haiwezi kuliondolea taifa deni lake kwa watu wanaolijenga. Na kwa mtumishi wa umma na mwalimu, popote alipo, somo ni hili: mnyonge afikapo dirishani, aulizwe kwanza anaumwa nini, kwa lugha anayoielewa. Suala la karatasi laweza kungoja, ugonjwa haungoji.