TAARIFA YA KATIBU WA TAWI: ANAYEKAMATA ASIJIKAGUE MWENYEWE



Tangu Jumatano kundi letu limewaka. Hoja niliyoipeleka kwenye Kamati Tendaji, kwamba katika maoni ya tawi kuhusu Katiba Mpya tudai wananchi wachague watu wa kuisimamia polisi wilayani kwao, imeshapewa majina mengi. Wapo walioiita ndoto. Mmoja kaiita uchochezi. Mwingine kanitumia sauti ya dakika nne akilalamika kwamba Katibu anataka kutuletea OCD wa kupigiwa kura. Nimeisikiliza yote mpaka mwisho. Naandika haya ili Jumapili kila mtu aje akijua tunachobishania ni nini hasa.

Tuanzie mtaani. Tarehe 27 Novemba 2024 tuliitwa kuchagua wenyeviti wa mitaa. (Ya siku ile tumeshayaandikia barua, siyarudii hapa.) Mwenyekiti wa mtaa ndiye kiongozi wa kuchaguliwa aliye karibu na sisi kuliko wote. Polisi wakija kupekua nyumba usiku, yeye ndiye anagongewa, asimame mlangoni, ashuhudie, atie sahihi. Mtu akihitaji kudhaminiwa, barua inatoka kwake. Hela ya ulinzi shirikishi anaihangaikia yeye. Mwizi akipigwa na wananchi, wa kwanza kuulizwa ni yeye. Haya, mwambieni mwenyekiti huyohuyo aende kituoni akaulize kwa nini kijana wa mtaa wake yuko mahabusu siku ya tatu. Ataonyeshwa benchi.

Limetokea kwetu na wengi mnalijua. Kijana wetu wa bodaboda alipakiwa kwenye difenda Ijumaa jioni, akatoka Jumatatu mchana bila kufikishwa mahakamani na bila kuambiwa kosa. Mama yake alitoa fedha ambayo hakupewa risiti, na hapo ukutani kuna bango kwamba dhamana ni bure. Mwenyekiti wa mtaa alikwenda mara mbili, mara zote mbili akaambiwa asubiri nje. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataja saa 24. Kutoka Ijumaa jioni mpaka Jumatatu mchana, hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la tatu anaiweza. Kituo sikitaji, maana nikikitaja tutaanza kubishana juu ya askari mmoja badala ya mfumo mzima. Askari huyo akihamishwa kesho, anayekuja atalikuta benchi lilelile.

Sasa fuateni ngazi ya usimamizi mmoja mmoja. OCS yuko chini ya OCD, OCD yuko chini ya RPC, RPC chini ya IGP, na IGP anateuliwa na Rais. Upande wa kiraia ipo Kamati ya Ulinzi na Usalama ya Wilaya, mwenyekiti wake ni Mkuu wa Wilaya, naye anateuliwa na Rais. Tena Mkuu wa Wilaya mwenyewe, kwa Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997, anaweza kuamuru mtu awekwe ndani mpaka saa 48. Katika ngazi yote hiyo, kutoka benchi la kituo mpaka Ikulu, mtu mliyempigia kura ni mmoja tu, na yeye yuko juu kabisa. Diwani wenu anaweza kumbana Mkurugenzi kuhusu zahanati, madarasa na mitaro. Kuhusu mahabusu hawezi kumbana mtu yeyote.

Anayesema hili ni jambo la kigeni afungue Katiba ya 1977, ibara ya 146. Kazi za vyombo vya Serikali za Mitaa zimetajwa pale, na mojawapo ni kuhakikisha sheria inatekelezwa na wananchi wanalindwa. Imo humo miaka yote. Kazi wamepewa, nyenzo hawakupewa. Ni sawa na kumkabidhi mtu duka halafu ufunguo ukabaki nao mwenyewe.

Sisi tuliosoma uhasibu tunafundishwa mapema kabisa kwamba anayeidhinisha malipo, anayelipa na anayekagua wasiwe mtu mmoja. Hatufundishwi hivyo kwa sababu kila mtunza fedha ni mwizi. Wengi ni waaminifu, na mwaminifu ndiye anayenufaika zaidi na mkaguzi wa nje, kwa sababu siku fedha ikipungua hatashukiwa bure. Chukueni kanuni hiyo mpeleke kituoni. Polisi wanakamata, polisi wanapeleleza, na ukilalamika kwamba polisi wamekupiga, malalamiko yako wanayapokea polisi. Siku hizi kuna askari wanaopangiwa kata zetu, wanaitwa Wakaguzi Kata. Wapo wazuri, na wa kwetu binafsi sina ugomvi naye. Lakini nimekuwa nikijiuliza, mkaguzi huyo anakaguliwa na nani?

Tena fedha za shughuli hizi si za Hazina peke yake. Nchi hii ina vituo vingi vya polisi vilivyoinuliwa kwa michango ya wananchi, saruji na mabati kutoka mifukoni mwa watu. Mlalamikaji akifika ana bahati asipoombwa mafuta ya gari ndipo mtuhumiwa wake akafuatwe. Tunachangia jengo, tunachangia mafuta, tunawalipa walinzi shirikishi wanaokesha na rungu na tochi. Kwenye chama cha kuweka na kukopa, mwanachama anayelipa kiasi hicho angekuwa na haki ya kuona vitabu.

Naja kwenye upinzani wenu. Wa kwanza unasema tukichagua wasimamizi, siasa zitaingia polisi. Ndugu zangu, ziko huko zamani. Katiba, ibara ya 147, inamkataza askari kujiunga na chama chochote, na hapo sigusi hata nukta. Lakini anayeiongoza kamati ya usalama wilayani ni mteule wa Rais ambaye, akiwa mwanachama wa chama tawala, huingia pia kwenye Kamati ya Siasa ya chama hicho ya wilaya. Asubuhi anaongoza kikao cha usalama pamoja na OCD, jioni yuko kwenye kikao cha chama. Hiyo ndiyo mnaiita polisi isiyo na siasa? Tofauti ninayoitaka ni kwamba siasa zilizopo zipigiwe kura, zionekane, na ziondoke zikishindwa.

Upinzani wa pili ndio ule wa sauti ya dakika nne, na hapa ndugu yetu nakubaliana naye kuliko anavyodhani. Kumchagua kamanda mwenyewe ni kosa. Marekani wanachagua masherifu kwenye majimbo mengi, na mtazameni mmoja: Joe Arpaio wa Maricopa, Arizona. Alichaguliwa mara ya kwanza 1992, akakaa madarakani miaka 24 akipigiwa kura tena na tena. Aliwafungia watu kwenye mahema katika joto la jangwani, akajigamba kwa hilo. Mahakama ilimwamuru aache kuwasimamisha watu kwa kuwashuku tu kuwa ni wahamiaji, akaendelea. Mwaka 2017 akatiwa hatiani kwa kudharau amri ya mahakama, na Rais Trump akamsamehe. Kamanda anayetafuta kura atakamata wale ambao wapiga kura wake hawawapendi. Kwetu wangekamatwa vijana wasio na kazi, machinga na wahamiaji, na tungepiga makofi. Tusijidanganye kwamba sisi ni tofauti. Sungusungu walipoanza Usukuma na Unyamwezi miaka ya 1980 viongozi wao walitoka kwa wanakijiji wenyewe, wezi wa ng'ombe wakakoma, lakini vikongwe wenye macho mekundu nao waliyaona. Mlezi wetu wa tawi anaijua habari hiyo vizuri, Jumapili mwulizeni.

Kwa hiyo ninachotaka ni tuchague msimamizi, kamanda tumwache aajiriwe na apandishwe cheo kwa taaluma yake. Mfano ulio karibu na ninachowaza uko Chicago. Kule, Oktoba 2014, askari alimpiga risasi 16 kijana wa miaka 17, Laquan McDonald. Video ya tukio ilikaa kabatini zaidi ya mwaka, mpaka mahakama ilipoamuru itolewe. Wananchi hawakuishia kumtaka askari yule afungwe, ingawa alihukumiwa 2018. Walibana miaka kadhaa, na 2021 baraza la jiji likapitisha sheria: kila wilaya ya kipolisi, na ziko 22, iwe na baraza la watu watatu wanaochaguliwa na wakazi. Jumla 66. Uchaguzi wa kwanza ulikuwa Februari 2023. Mabaraza haya hayamwagizi askari amkamate nani. Yanafanya kikao cha hadhara kila mwezi, yanapokea kero, na yanapendekeza majina ya wajumbe wa tume ya jiji zima. Tume hiyo ina sauti kwenye sera za polisi, na nafasi ya mkuu wa polisi ikiwa wazi ndiyo inampelekea meya majina matatu achague. Mwaka huohuo wa 2023 mkuu mpya alipatikana kwa njia hiyo. Na hata chama cha wafanyakazi wa polisi kiliunga mkono baadhi ya wagombea kwenye uchaguzi ule. Sawa! Waje kwenye sanduku, tuwaone.

Sisemi ni dawa ya kila kitu. Uingereza na Wales walipoanza kuchagua makamishna wa kusimamia polisi mwaka 2012, waliojitokeza kupiga kura walikuwa kama 15 katika kila 100. Uchaguzi ulifanyika peke yake, Novemba, kwenye baridi, na mtu mmoja akapewa eneo kubwa ambalo wakazi wake hawamjui. Somo kwetu ni kwamba kura hii ipigwe siku moja na ya mwenyekiti wa mtaa, na wachaguliwe watu tunaokutana nao sokoni. Na jirani zetu Kenya waliandika kwenye sheria yao ya polisi ya 2011 kwamba kila kaunti iwe na mamlaka ya polisi chini ya gavana, wakiwemo wajumbe wa kuteuliwa na gavana huyohuyo. Miaka ikapita, kaunti nyingi hazikuona hata kikao kimoja. Chombo cha kuteuliwa kikilala, hakuna mpiga kura wa kukiamsha.

Upinzani wa tatu ndio mzito, na uliletwa na kijana wetu mmoja kwa ujumbe mfupi kuliko wote: "Katibu, kura zenyewe ziko wapi?" Nakuelewa, mdogo wangu. Uchaguzi wa mitaa unaendeshwa na TAMISEMI, wizara ya Serikali yenyewe, na katika maoni yetu hilo nalo tumelikataa. Kura hizi zote zisimamiwe na tume iliyo huru kweli. Lakini tukisema tusidai chochote mpaka uchaguzi usafike, nani atausafisha wakati wanaolinda masanduku ndio haohao wasiojibu kwa mtu?

Na kuna jambo nataka mlitafakari kabla ya Jumapili. Chukulieni viti vyote vya baraza hilo viende kwa wenzetu wa chama tawala. Bado sheria itamlazimu OCD kuja mbele ya wananchi kila mwezi akiwa na kitabu cha mahabusu, aseme ni wangapi wameingia, wangapi wamepitisha saa 24, wangapi wamefikishwa mahakamani. Bado mjumbe ataweza kuingia kituoni saa yoyote na kuhesabu vichwa. Wanachama wa chama tawala nao wana watoto wanaoendesha bodaboda. Wao pia wanaombwa mafuta ya gari. Mjumbe wa kijani aliyenyamaza huku watoto wa wapiga kura wake wakilala sakafuni atajieleza kwa majirani zake mwenyewe. Sihitaji awe mwenzangu ili afanye kazi hiyo. Nahitaji awe ameomba kura na anajua ataziomba tena.

Mipaka lazima iandikwe. Mjumbe asiwe na mamlaka ya kuamuru mtu akamatwe wala aachiwe. Asije mtu akadhani tunatengeneza namba ya simu ya kumtolea mwanawe, maana hiyo ipo tayari, inaitwa kujuana, na masikini hana. Upelelezi wa kesi asiuguse. Askari aliye kazini asigombee, na mwenye kesi mahakamani naye asubiri iishe. Na zile saa 48 za Mkuu wa Wilaya zifutwe kabisa, kwa sababu haina maana kuweka msimamizi mlangoni halafu ukaacha dirisha wazi. Tume ya Haki Jinai ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilikabidhi ripoti yake kwa Rais mwaka 2023 ikipendekeza Jeshi la Polisi liundwe upya liwe la kutoa huduma. Huduma ina mteja, na mteja ana mahali pa kulalamika. Hapo ndipo hoja yetu inapoingia, na ndivyo nilivyoiandika kwenye rasimu.

Kikao ni Jumapili, saa 9 alasiri, ofisi ya tawi. Ajenda ya kwanza ni ada (orodha ya wadaiwa nitaibandika mlangoni, msiseme hamkuonywa), ya pili ni rasimu hii, itasomwa yote na kupigiwa kura ya kunyoosha mikono. Mwenye marekebisho ayaandike kwenye karatasi anipe kabla hatujaanza. Mabalozi mpitishe ujumbe huu kwa wasio na simu janja. Mama wa yule kijana amekubali kuja kueleza mwenyewe, naomba tumwachie nafasi ya mbele na asikatizwe.

Katibu wa Tawi