Mkia wa Fisi Usifutwe

Leo sikuja kubembeleza mtu.

Mwezi uliopita, katika kikundi chetu cha kuchora hapa Bujumbura, kijana wa miaka 13 alileta kaye yake. Alikuwa amechora fisi amesimama kwa miguu miwili, amevaa chuma toka kichwani mpaka vidoleni. Kijana huyo alivuka Ruzizi Februari 2025 na mama yake na wadogo wawili. Mgeni mmoja aliyekuja kututembelea (shirika lake silitaji) akaitazama picha, akatabasamu, akasema: "Nzuri, lakini hapa tunachora amani. Futa hayo mavazi ya vita, umpe ua mkononi."

Kijana akafuta. Mgeni alipoondoka, mwenzake akamcheka: "Na tena fisi yako haina mkia! Uliuweka wapi?"

Tangu siku ile nina hasira mbili. Ya kwanza ni juu ya yule mgeni. Ya pili ni juu yetu sisi tunaofundisha, maana yule mwenzake alisema kweli, mkia haukuwapo. Kijana alinakili kwenye simu vazi la askari wa Ulaya ya zamani, akamvika fisi, na pale chuma kilipokataa kuingia, akaukata mkia.

Nianze na mgeni. Vazi la chuma, lile ambalo vitabu vinaita deraya, si silaha. Wanaosoma Waefeso wanajua chapeo, dirii na ngao, na wanajua ni vitu vya kujikinga. Ngao haiui mtu. Nakubali, hapa Burundi neno ingabo ni ngao na ni jeshi pia, kwa hiyo mgeni hakuwa mjinga kuogopa. Nakubali tena kwamba mtoto anayechora damu kila siku anahitaji mtu wa kukaa naye na kuzungumza naye. Lakini huyu hakuchora damu. Alichora mnyama asiyetaka kuumia.

Na kama mnyama mwenye vita ni dhambi, basi tufute mengi. Nembo ya Burundi ni ngao yenye kichwa cha simba, na nyuma yake mikuki mitatu. Nembo ya Kongo yetu ina kichwa cha chui kati ya pembe ya ndovu na mkuki. Kenya, simba wawili wamesimama wima kama watu, kila mmoja na mkuki wake, wameshika ngao. Serikali tatu zimeweka wanyama wa namna hiyo kwenye karatasi zao rasmi, na hakuna aliyewaambia washike maua. Iweje mtoto wa mkimbizi ndiye afute?

Sasa hasira ya pili, na hii ni yetu.

Vijana wetu wanachora hadithi za Sungura, Fisi na Simba, na wengi wanataka kuwavika chuma. Vizuri. Lakini wanachora chuma kama rangi ya ngozi, yaani kitu cha kupaka tu juu. Chuma hakiko hivyo. Lile vazi zima la mabamba lilikamilika Ulaya mnamo miaka ya 1400 na kidogo, na mafundi wake wakubwa walikuwa Milano na kusini mwa Ujerumani. Uzito wake ulikuwa kama kilo 15 mpaka 25, na mtu aliyezoea aliweza kukimbia nalo, kuanguka na kuinuka. Aliwezaje? Kwa sababu kila bamba lilipimwa kwa mwili wake. Mabamba yalilaliana kama vigae ili kiungo kipinde, chini yake kulikuwa na nguo nene ya kushonwa, na uzito uligawanywa mabegani na kiunoni. Ukimpa mtu mwingine vazi hilo, linamshinda. Daudi alivikwa vazi la Sauli, akashindwa kutembea, akalivua. Yule kijana wetu alimvika fisi vazi la Sauli.

Kwa hiyo, wewe unayechora, anza na mwili. Fisi ana mabega ya juu na mgongo unaoteremka, na nguvu yake iko shingoni na kwenye taya. Mguu wake wa nyuma, kile unachodhani ni goti lililopinda kinyumenyume, ni kisigino. Goti lenyewe liko juu, karibu na tumbo. Ukimvika buti la binadamu umemvunja mguu. Usidhani pia kwamba mafundi wa zamani hawakuwahi kumpima mnyama. Farasi wa vita walikuwa na kinga ya uso yenye nafasi ya masikio, na mabamba ya shingo yaliyopinda nayo. Nyuma, mkia uliachiwa njia. Miguu kwa kawaida iliachwa wazi, maana farasi asiyekimbia hana faida. Basi kama fundi wa miaka 500 iliyopita alikumbuka mkia wa farasi, sisi tunashindwa nini na wa fisi?

Pili, joto. Mbwa na simba wanajipoza kwa kuhema mdomo wazi. Mfunge mdomo kwa chuma katika jua la hapa bondeni, atakufa kabla adui hajafika. Mwishoni mwa karne ya 14 huko Ulaya watu walivaa kofia za chuma zenye mdomo uliochongoka mbele kama wa mbwa, zimetobolewa matundu ya hewa. Umbo hilo lilisaidia pumzi na liliteleza mapigo. Yaani binadamu alijitengenezea pua ya mbwa, na sisi tunamnyang'anya mbwa pua yake! Sungura naye, masikio yake yanatoa joto la mwili. Yaache nje. Kusema kweli Sungura mimi singemvika kitu, kinga yake ni mbio na akili.

Shingo usiisahau. Francisco de Almeida, Mreno aliyeshambulia Kilwa na Mombasa mwaka 1505, alikuja na askari wenye chuma. Mwaka 1510, karibu na Rasi ya Tumaini Jema, wenyeji wa pale, Wakhoikhoi, walimuua kwa mkuki wa kooni. Mnyama mwenye shingo ndefu ana koo refu. Hapo ndipo fundi wako atoe jasho.

Tatu, jiulize nani amelifua. Wahunzi wa Burundi na Kivu wamefua chuma kwa zaidi ya miaka elfu moja, wakatoa mikuki, visu na majembe, na jembe hata lilitolewa mahari. Lakini tanuru zao zilitoa chuma kidogo kidogo, si bamba kubwa la kufunika kifua kizima. Hadithi yako ikiwa ya huku, mpe mhunzi vipande vidogo, avifunge kwa kamba za ngozi, kipande juu ya kipande. Kakakuona wa misitu ya Kongo amevaa hivyo tangu azaliwe. Huko India mtu alishona koti zima la magamba ya kakakuona, likapewa mfalme George wa Tatu wa Uingereza mwaka 1820, na mpaka leo limetunzwa Leeds. Au tumia pamba. Wapanda farasi wa Bornu na Sudani walivaa nguo za pamba za tabaka nyingi, na farasi wao pia. Au ngozi ya nyati, kama ngao za Wamasai.

Msichana mmoja wa kikundi chetu ameelewa somo hili kunishinda. Yeye anachora Gustave, yule mamba wa Ruzizi ambaye watu wanasema ana makovu ya risasi. Nilimuuliza mbona mgongo hakuuvika kitu. Akanijibu: "Yaya, mugongo yake iko chuma tayari. Ni tumbo njo inaogopa." Ni kweli tupu. Ngozi ya mgongo wa mamba ina vibamba vya mfupa ndani yake, na tumboni ni laini. Akamchorea kinga ya tumbo na koo, basi. Huyo ni fundi.

Najua kuna mzee anasoma hapa anasema: shitingi inavuja, mgao umepungua, na huyu anazungumza habari za mkia wa fisi. Mzee wangu, naheshimu. Lakini mtoto akijifunza kupima mwili kwanza ndipo atengeneze kitu, amejifunza kazi ya fundi cherehani, ya seremala, hata ya daktari. Na wageni wetu wakijifunza hivyo hivyo, labda misaada nayo itaanza kupimwa kwa miili yetu.

Baada ya wiki moja nilimuuliza yule kijana kwa nini alichagua fisi. Aliangalia chini, akasema: "Mu hadisi zote fisi njo banapigaka. Mi nilitaka basimupige tena."

Ndugu mgeni, hilo ndilo ulilolifuta. Siku nyingine kabla ya kusema futa, uliza kwanza: huyu anajikinga na nini? Na ukitaka kutusaidia, usituletee karatasi zenye njiwa waliokwisha kuchorwa ili watoto wapake rangi tu. Lete kaye tupu, lete kalamu, kisha kaa chini uangalie.

Nasi walimu tuache kusema "ni picha ya mtoto tu." Jumamosi tunaanza upya, fisi yule yule. Mkia kwanza, chuma baadaye.